Je, Kuipima Dawa ya Wazee ni Kukosa Adabu?

Mwenye jiwe la figo habishani na mtu kuhusu dawa. Maumivu yanayoanzia ubavuni yakashuka hadi kinenani humgaragaza mtu mzima sakafuni, na akipewa kikombe cha chochote atakunywa. Kusini mwa China kikombe hicho mara nyingi huwa na jinqiancao, mmea wa majani ya mviringo unaochemshwa hadi maji yageuke rangi. Nilipokuwa nasomea ufamasia Guangzhou, nilimuuliza mzee mmoja muuza mitishamba kama dawa hiyo imewahi kupimwa ipasavyo. Aliniangalia kwa muda. "Mwanangu," akasema, "wazee wangu walitibu watu kwa mmea huu kabla hospitali yenu haijajengwa. Wewe ni nani wa kuwapima?"

Swali hilo naliona la dini kuliko la sayansi. Kumpima aliyekutangulia, je, si kumtuhumu?

Ugumu wenyewe ni huu: jiwe lisilofika milimita tano mara nyingi hutoka lenyewe, hata bila dawa. Sasa mtu amekunywa jinqiancao asubuhi na jioni, na jiwe limetoka. Akisema amepona, hasemi uongo, anashuhudia alichokiona. Asichoweza kukiona ni yale ambayo yangemtokea kama asingekunywa, na hakuna binadamu aliyejaliwa kuyaona hayo katika mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana wanahitajika wagonjwa wengi, wagawanywe kwa kura, wengine wanywe dawa na wengine maji yenye rangi na uchungu uleule, na anayesoma picha za figo asijue nani kanywa nini. Katika kura hiyo mimi naona unyenyekevu. Mtafiti anakiri kwamba jicho lake hupenda kuona kile moyo unachokitamani.

Na fikra hii si ngeni kwetu Waislamu. Ibn Sina, katika Al-Qanun fi al-Tibb, aliweka masharti ya kujaribu dawa: ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, uangaliwe muda inaochukua kufanya kazi, matokeo yajirudie, na ijaribiwe kwa binadamu, kwa sababu yanayompata simba au farasi hayathibitishi yatakayompata mtu. Sharti hilo la mwisho hunijia kila nisomapo kuhusu panya wanaonyweshwa ethilini glaikoli ili figo zao zijenge fuwele za kalsiamu oksaleti, kisha wakapewa mitishamba. Taiwan wamefanya hivyo hata kwa nzi wa matunda. Kazi hizo nazithamini; hutuonyesha mmea upi unastahili kupelekwa kwa wagonjwa. Bado si ushahidi wa kumpa mgonjwa.

Linalonigusa zaidi ni habari ya mu tong. Katika ba zheng san, dawa ya mchanganyiko ya enzi ya Song wanayopewa wenye mkojo wa maumivu na vijiwe, mu tong ni kiungo kimojawapo. Zamani ilitokana na mmea wa Akebia. Baadaye, katika karne ya 20, maduka mengi yakawa yanauza badala yake Aristolochia manshuriensis, yenye asidi inayoua figo polepole na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Ubaya wa mimea ya jamii hiyo ulifichuka Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza unene walipoanza kupoteza figo. China iliipiga marufuku mu tong hiyo mwaka 2003. Yaani mtu alikwenda kutibiwa jiwe, akarudi na dawa inayomla figo.

Kwa nini haikuonekana mapema? Sumu inayoua usiku huohuo, mtaa mzima utaijua na mmea utaachwa. Ile inayochukua miaka humkuta mgonjwa ameshahama, mganga ameshafariki, na hakuna anayekumbuka kikombe kile. Hapa wazee hawakuwa wajinga, na wala mmea wenyewe haukuwa wao. Kipimo ndicho kilichowatetea dhidi ya kitu kilichouzwa kwa jina lao.

Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyetafuta dawa ya malaria, alilielewa hili. Alikisoma kwa makini kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, akagundua kwamba huenda moto ulikuwa unaiharibu nguvu ya mmea wa qinghao, akaikamua dawa kwa ethari, na mwaka 1972 akainywa yeye na wenzake kabla ya kuwapa wagonjwa. Dawa mseto tunayowapa watoto wetu wenye malaria imetoka humo. Heshima kubwa zaidi kwa Ge Hong siijui.

Kwa hiyo anayekuja dukani kwangu na pakiti ya mitishamba simfukuzi. Namuomba jina la kila mmea, namtuma akapige ultrasaundi na kupima damu ya figo kabla ya kunywa, kisha arudie baadaye. Mwenye jiwe na homa namkatiza palepale: huyo aende hospitali leo, usiku huu.