Wenyewe Wako Wapi?

Nilipokuwa mtoto Nkome, wageni wenye mabegi makubwa mgongoni walitushangaza kwa jambo moja: hawakuwa wamekuja kwetu. Walishuka kwenye gari, wakaupita mwalo wetu na harufu yake ya dagaa walioanikwa, wakapanda boti ya kwenda Rubondo. Tuliwapungia mikono, wengine wakatupiga picha. Boti ikishakuwa nukta tu ziwani, tulirudi kufukuza kunguru kwenye dagaa.

Babu yangu alizaliwa katika kisiwa hicho. Mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba, na wakazi wake, wengi wao wavuvi, wakahamishiwa visiwa vya jirani na bara. Kati ya 1966 na 1969 wakaletwa sokwe 17 kutoka Ulaya na kuachiwa humo. Vizazi vyao vipo hadi leo. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Watu wakatoka, sokwe wakaingia. Babu husimulia hayo bila kinyongo. Husema kisiwa kimepumzika, na huisifia miti yake kana kwamba aliipanda yeye. Nilipomwuliza kwa nini hajawahi kurudi hata kutembea, alinijibu, "Mjukuu wangu, mtu hatalii kwao."

Sikulifikiria tena jibu hilo mpaka siku begi lilipokuwa mgongoni mwangu. Nasoma shahada ya uzamili Kunming, kusini magharibi mwa China, na likizo ya Mei Mosi nikapanda treni kwenda Lijiang, mji wa kale wa Wanaxi. Ni mji wa vichochoro vya mawe na vijito vinavyopita milangoni mwa nyumba, na nyuma yake umesimama mlima wa theluji wenye mita 5,596. Tetemeko la Februari 1996 liliua watu zaidi ya 300 katika eneo hilo. Mwaka uliofuata UNESCO ikauingiza mji katika urithi wa dunia. Tangu hapo wageni hawajakoma, nami nilikuwa mmoja wao, nikisukumana.

Kila baada ya maduka machache kuna duka la ngoma. Si ngoma za Wanaxi. Ni djembe, za Afrika Magharibi, na mlangoni msichana anazipiga kufuatisha wimbo wa kwenye spika. Waliponiona walifurahi kama waliopata cheti cha uhalisi wa bidhaa zao. Wakanipakatisha ngoma moja. Mimi mtoto wa Nkome, djembe naijua kama wanavyoijua wao, kwenye video. Nikapiga hovyo, umati ukapiga picha, nami nikaonja kidogo hali ya kuwa sehemu ya mandhari.

Nje ya duka hilo mama mmoja aliuza viazi vya kukaanga. Nilimwita *ayi*, mama mdogo, kama adabu ya kule inavyotaka, tukazungumza kwa Kichina changu cha kuombea maji. Akanionyesha duka la ngoma: alizaliwa humo. Ameipangisha nyumba kwa mfanyabiashara kutoka mkoa mwingine, yeye anaishi ghorofani katika mji mpya na huja kwa basi kila asubuhi. Kodi imemsomesha mwanawe. Nikamwuliza kama anasikitika. Akacheka, akasema nyumba ile ilikuwa na baridi sana.

Usiku nilikosa usingizi. Watu wawili wameondoka mahali pazuri, wengine tunakuja kupaona, na hakuna kati yao anayelalamika. Je, hilo linanifutia deni? Rafiki yangu anayesoma uchumi alisema ndiyo: ayi amechagua, analipwa, na bila wageni huenda nyumba ile ingeshaanguka. Ni hoja nzito, siidharau. Hata Rubondo, isingekuwa hifadhi, pengine miti anayoisifia babu ingeshakuwa kuni za kukaushia samaki.

Lakini kutolalamika si kukubali. Mtu akishahama hujifunza kulisimulia tukio kwa namna itakayomwacha alale. Kukubali baada ya jambo kwisha ni kama kwa mgeni anayesema ameshiba kwa sababu ameona chungu ni kitupu. Ni adabu, na adabu haituambii kama tumbo limejaa.

Basi nadaiwa nini? Pesa? Nilinunua viazi vya yuan kumi nikajiona mwema kwa nusu saa. Nisisafiri? Nkome kumejaa watu wasiosafiri, na hilo halijamrudisha babu popote. Nijue tu historia ya ninapokanyaga? Sisi wasomi tunalipenda jibu hilo kwa kuwa halina nauli.

Kesho yake nilikwenda Hutiaoxia, korongo ambalo hadithi husema chui-milia aliliruka akimkimbia mwindaji. Chini unanguruma mto Jinsha. Juu kuna kipande cha njia chenye kona 28, ambako wenyeji huwafuata wapandaji wakiwa na farasi, wakingoja mtu achoke. Kwenye kona mojawapo mtandao ulishika, nikampigia babu simu ya video. Kwake ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikamwonyesha mlima, mawingu, mto. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Pazuri," akasema. "Wenyewe wako wapi?"

Nikageuza simu. Hatua ishirini nyuma yangu mzee mmoja alikuwa amesimama na farasi wake, akijifanya anatazama pengine.

"Yupo huyu, babu. Ananifuata tangu asubuhi. Anangoja nichoke nimkodi farasi."

"Anaitwa nani?"

Asubuhi nzima sikuwa nimegeuka ila kuhakikisha bado yuko mbali. Nikamwambia babu asikate simu, nikashusha begi, nikakaa juu ya jiwe kumngoja afike.