Hata Paulo Alipimwa

Andiko: Matendo ya Mitume 17:10-12

Tangu Aprili 2023, ukitaja Shakahola mtu atakuambia, "Hao walikuwa wajinga." Mimi nakataa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika ule msitu wa Kilifi, watoto wakiwemo, na kati ya waliofuata kanisa lile kulikuwa na watu wenye kazi nzuri.

Wasomi wa elimu ya jamii wamechunguza mambo haya kitambo. Mwaka wa 1965 Wamarekani wawili, John Lofland na Rodney Stark, waliandika juu ya kikundi cha Mkorea Sun Myung Moon kilipokuwa bado kidogo kule California. Waliona kwamba mafundisho peke yake hayamvuti mtu. Mtu huingia akipata marafiki ndani, huku wa nje wamepungua ama wako mbali. Eileen Barker akawafuatilia wafuasi hao hao Uingereza, na mwaka wa 1984 akaandika kwamba wengi walioenda kwenye semina zao hawakujiunga, na wengi waliojiunga walitoka baada ya miaka michache. Kumbe watu hutoka! Swali ni kama kuna mtu nje anayewangoja.

Shakahola kamba zilikatwa moja moja. Watoto waliachishwa shule, hospitali ikakatazwa, Huduma Namba ikaitwa ya shetani, mwisho watu wakauza mali na kuhamia msituni. Kanungu, Uganda, waumini pia waliuza vitu vyao kabla ya ule moto wa Machi 2000. Kila kamba ilikuwa na mtu upande wa pili: mwalimu, daktari, jirani, shangazi.

Sasa tazama Waberoya. Aliyewahubiria ni Paulo, mtume mzima, na bado kila siku walirudi kwenye Maandiko kuona kama ndivyo yalivyo. Biblia inawasifu kwa hilo. Mimi nilisomea biashara, na hata duka dogo la pale mjini halimwachi mtu mmoja ashike pesa, aandike hesabu, halafu ajikague mwenyewe. Mhubiri anayefundisha, anayeshika sadaka na kusikiliza malalamiko dhidi yake mwenyewe, hata akiwa na upako, muulizeni maswali. Ukisikia madhabahu hii ikikukataza kumpeleka mtoto Rufaa, ama ikikuambia umwache mamako kwa sababu hajaokoka, nenda kwa wazee wa kanisa siku hiyo hiyo. Hata kama ni mimi nimesema.

Na sisi wenye ndugu walioingia huko, tukisema ukweli, tunafanya nini? Tunabishana naye Ufunuo mpaka usiku, tunamtoa kwenye WhatsApp ya familia, halafu tunasema amepotea. Hapo tumemsaidia yule mhubiri kukata kamba ya mwisho. Hebu mpigie. Usianze na mafundisho, muulize kama amekula.

Jumatano baada ya maombi, wenye ndugu katika hali hiyo tutabaki kidogo tuombe pamoja. Njoo na namba yake ya simu, tutapiga kabla hatujaenda nyumbani.