Ngome za Unguja kwa baiskeli na kamera

Jozani hakuna ngome. Kuna msitu, maji ya chumvi na mikoko, na kwa sababu hiyo safari ya baiskeli ya kutazama na kupiga picha ngome za kale za Unguja inafaa kuanzia hapo kuliko Forodhani, mjini, mbele ya Ngome Kongwe. Kuta za ngome za pwani hii ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari za nyumba zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Chokaa nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni kwenye tanuu, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yalale kabla ya kutumika. Kazi hiyo ilikula miti mingi. Mikoko ya Pete na Ghuba ya Chwaka, ambayo mingi yake leo inalindwa ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2004, ilikatwa kwa vizazi vingi ili mji upate boriti na kuni. Katika njia ya mbao inayopita kwenye mikoko ya Pete, mizizi ikiwa imejipinda kila upande, mtu anaweza kuutazama kwa karibu mti ulioamua upana wa vyumba vya Mji Mkongwe: boriti yake haizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba.

Kutoka Jozani hadi mjini ni kilomita 35 hivi, kwa njia ya Bungi na Tunguu. Msituni barabara ina matuta, yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju wanapovuka. Mwendesha baiskeli anafaidika nayo kwa kuwa madereva hulazimika kupunguza mwendo. Unguja haina milima, hivyo baiskeli ya kawaida inatosha, mradi breki ziwe nzima na mfukoni mkiwa na pampu na viraka. Jua ndilo la kuogopwa. Anayeondoka baada ya sala ya alfajiri hufika mjini kabla halijakaza. Ubora wa baiskeli katika safari ya namna hii ni kwamba umbali unaingia mwilini. Mtu aliyeendesha kutoka kwenye mikoko hadi kwenye ukuta anajua uzito wa kila boriti kwa namna ambayo abiria wa daladala hawezi kuijua.

Mjini, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo yameingizwa katika ngome yenyewe. Wareno walipokuwa wakifukuzwa, mtawala wa Unguja alikuwa mwanamke, Mwana Fatuma, aliyekuwa upande wa Wareno. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipozingirwa kuanzia mwaka 1696, alipeleka vyombo vya chakula kuwasaidia waliokuwa ndani. Mombasa ilipoanguka mwaka 1698 alichukuliwa hadi Oman, akakaa uhamishoni miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Habari yake inastahili kukumbukwa mbele ya kuta hizi, kwa sababu ngome husimuliwa kwa majina ya maadmirali na masultani, ilhali zilisimama au kuanguka kwa chakula cha watu wa mashamba. Katikati ya karne ya 18 Wamazrui wa Mombasa walijaribu kuitwaa Unguja, wakashindwa baada ya kiongozi wao kuuawa na jamaa yake.

Baadaye ngome ikawa gereza, kisha karakana ya reli ya Bububu, na sasa ni uwanja wa maonyesho na muziki. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipolipiga kasri la Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani, kwa takriban dakika 40, kasri hilo lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kuta za ngome, zilizojengwa kukabili bunduki na mizinga midogo, hazikuwa na jibu kwa mizinga ya meli za chuma.

Upande wa kaskazini wa kisiwa hali ni nyingine. Fukuchani, inayotazamana na kisiwa cha Tumbatu, na Mvuleni, karibu na Nungwi, kuna magofu ya nyumba zilizozungushiwa ukuta wenye matundu ya bunduki. Watu huziita nyumba za Wareno, ingawa baadhi ya watafiti wanaona kuwa zilijengwa na Waswahili wenyewe katika karne ya 16. Huko hakuna umati wala tiketi ya tamasha. Tundu moja la bunduki, likitazamwa kutoka ndani, huonyesha kipande chembamba tu cha ardhi, na hapo mtu hufahamu jinsi mlinzi alivyokuwa akiona dunia: upenyo mdogo, na pande zote mbili kiza. Mvuleni, nje ya ukuta, kuna pango lenye maji safi. Picha ya gofu hilo isiyoonyesha pango ni pungufu, kwani bila maji ukuta ule usingekuwa na wa kumlinda.

Kuta za matumbawe hazipigwi picha adhuhuri. Jua la utosini hufuta mikunjo yote ya jiwe, lakini la asubuhi au la alasiri hupita ubavuni na kutoa vivuli vinavyoonyesha viungo, mashimo ya boriti na viraka vya saruji. Viraka hivyo vinafaa kupigwa kwa makusudi: saruji huzuia unyevu na chumvi visitoke, na jiwe la pembeni huanza kumomonyoka. Ngome Kongwe inatazama baharini upande wa magharibi, hivyo uso wake hung'aa alasiri. Kambi za jeshi za leo hazipigwi picha kabisa. Ruhusa iliyopo kwenye magofu haivuki hadi huko.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jirani wa Ngome Kongwe, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu. Jengo hilo la mwaka 1883 lilikuwa limepigwa picha na watu wengi mno, karibu wote kwa mbele. Mafundi wa ukarabati wanahitaji pia pembe za nyuma, nyufa, ncha za boriti na hali ya plasta mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kila picha ya ukuta wa kale iandikwe tarehe, jina la mahali na upande unaotazamwa, na kando ya ufa iwekwe rula au kitu kingine cha kipimo kinachojulikana.