Zamu ya Picha

Tarehe 7 Agosti, 1998, siku ya Ijumaa, gari la bomu liliripuka nje ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Waliokufa walizidi 200, na majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Wengi walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama kishindo kidogo kilichotangulia. Vigae vya vioo vikawapasua nyuso na macho.

Msiba wa namna hii huizulia hospitali swali gumu: nani atangulie kupigwa picha? Kipande cha chuma huweza kuacha tundu dogo katika ngozi kikapotelea kifuani, ambako jicho la tabibu halifiki. Eksirei, aliyoivumbua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hukidhihirisha. Lakini mashine ni chache, na walalao sakafuni ni wengi. Dakika apewayo mmoja hutolewa katika damu ya mwingine. Tena apigaye kelele sana si lazima awe ndiye aliyeumia sana. Anyamazaye huenda anavuja damu tumboni, na huyo hata siti skani, ichunguzayo mwili tabaka kwa tabaka, haimfai, maana aweza kufa juu ya kitanda chake. Kipimo kifupi cha mawimbi ya sauti humtosha, kisha kisu cha mpasuaji. Kunyimwa picha nako huwa rehema.

Dominique Jean Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, alitaka majeruhi wafuatane kwa uzito wa jeraha, si kwa cheo. Cheo ni chepesi kukataliwa. Je, hatia? Mmoja wa waliolipanda gari lile la Nairobi alijeruhiwa, akatibiwa hospitalini kama majeruhi wengine, wala hakutambulikana. Yachukuliwe kuwa angalitambulikana mlangoni, na jeraha lake lingalikuwa zito kuliko la mwanamke aliyelala kando yake. Wako watakaosema angoje, na hoja yao si dhaifu: aliyeuleta msiba atawatanguliaje aliowaletea?

Walakini mtu yule alihukumiwa kifungo cha maisha huko New York mwaka 2001, baada ya mashahidi wengi kusikizwa. Mlango wa hospitali una dakika mbili tu, na umejaa ghadhabu. Anyoshewaye kidole hapo aweza kuwa mpita njia mwenye sura ya kushukiwa, na hukumu ya kumchelewesha haina rufani. Basi mwanamke yule atangoja. Akiuliza sababu, aambiwe kweli, ijapokuwa haitamridhisha.