Spana Chache Chini ya Kiti

Tangu 2008, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki zisizozidi 250 cc, bodaboda zimelisha nyumba nyingi hapa Bonde la Ufa. Lakini bado naona vijana wakimlipa fundi kila nati inapolegea.

Kijana wangu, nunua vifaa vyako. Achana na sanduku la vipande mia linalong'aa; spana zake za chuma laini humaliza kona za nati. Chukua chache imara, namba 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi, plaisi na kipimo cha upepo. Nati ya ekseli ya nyuma ipime kwanza, maana hutofautiana.

Cheni ndiyo huumizwa zaidi na vumbi la Njoro na tope la Molo. Zima injini, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, kisha inua cheni kwa kidole katikati, upande wa chini. Ikicheza kama sentimita mbili hadi tatu, sawa. Ikizidi, legeza ekseli, vuta gurudumu nyuma, alama za kulia na kushoto zilingane, ukaze. Breki ikikataa, hapo mwite fundi. Nyuma yako amekaa mama wa watu.