Wa kuja na wenyeji

Tafakari ya Dominika ya 3 ya Mwaka A
Masomo: Isa 8:23–9:3, 1 Kor 1:10–13, 17, Mt 4:12–23



Injili ya leo inaanza na habari ya mtu kuhama. Yohane Mbatizaji ametiwa gerezani. Yesu anapopata habari hizo anarudi Galilaya, lakini hakai Nazareti alikolelewa. Anateremka hadi Kafarnaumu, mji wa wavuvi ulio kando ya ziwa, na huko anaweka makazi. Mathayo halipiti jambo hili haraka. Analiunganisha na unabii wa Isaya juu ya nchi ya Zabuloni na Naftali, nchi ya njia ya bahari, Galilaya ya mataifa. Sisi tumezoea kuiruka mistari hiyo ili tufike kwa Simoni na Andrea wakitupa nyavu. Leo tukae nayo, kwa sababu inatuhusu sana sisi tunaoishi Nyakanazi.

Kafarnaumu ulikuwa mji wa njiani, karibu na mpaka. Ushuru ulitozwa pale, na Mathayo anayetusimulia habari hizi aliitwa na Yesu akiwa ameketi forodhani. Samaki walitoka hapo, bidhaa zikapita hapo, na watu wa lugha mbalimbali wakalala hapo. Hata Simoni Petro hakuwa mwenyeji wa asili. Injili ya Yohane inasema yeye na ndugu yake Andrea walikuwa watu wa Bethsaida, lakini kwa Marko tunakuta nyumba yao iko Kafarnaumu, na mkwe wa Simoni amelala humo akiugua homa. Yuko pia yule akida, askari wa kigeni, ambaye Luka anasema wazee wa Wayahudi walikwenda wenyewe kumwombea kwa Yesu. Sababu waliyoitoa ni kwamba aliwapenda watu wao na ndiye aliyewajengea sinagogi. Wazee hawakuuliza ukoo wake. Walitaja alichowajengea.

Basi Bwana wetu alizaliwa Bethlehemu, akalelewa Nazareti, akahamia Kafarnaumu, na Mathayo, katika sura ya 9, anauita mji huo mji wake. Alikozaliwa alikaa muda mfupi tu. Alikokulia walimkataa wakisema wanamjua baba yake seremala. Mji wa ugenini ndio uliosikia mafundisho yake mengi na kuona wagonjwa wengi wakiponywa.

Sasa tujitazame. Hapa kwetu barabara zinakutana. Moja inatoka Kahama, nyingine inakwenda Kakonko, Kibondo hadi Kigoma, na nyingine inapanda Lusahunga, ambako wengine wanashika njia ya Biharamulo na Bukoba, na wengine njia ya Ngara, Rusumo na Kabanga. Malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam yanapita hapa usiku na mchana yakielekea Rwanda na Burundi. Watu nao wamekuja kwa barabara hizohizo: Wasubi tuliowakuta, Wahangaza, Waha, Wasukuma, Wahaya, na wengine ambao wazazi wao walivuka mpaka miaka ya taabu. Muulize mama lishe pale stendi ni mtu wa wapi, atakutajia Kasulu. Muulize kijana wa bodaboda, atakutajia Geita au Muleba. Lakini watoto wao wamezaliwa hapa, na pengine hawajawahi kufika huko kunakotajwa.

Swali lenyewe si baya. Ubaya uko katika nia ya anayeuliza. Mara nyingi tunauliza ili tujue tumweke mtu kwenye kundi gani. Jumuiya inapochagua mwenyekiti, tunanong'onezana kwamba huyu ni mtu wa kuja. Kuku akiibiwa, wa kuja ndiye anayetajwa kwanza. Mgogoro wa kiwanja ukizuka, tunaanza kuhesabu nani alitangulia. Mtume Paulo, katika somo la pili, anawakemea Wakorinto kwa ugonjwa huu. Korinto nao ulikuwa mji wa biashara, wenye bandari mbili, na waamini wake walijigawa: hawa wa Paulo, hawa wa Apolo, hawa wa Kefa. Paulo anawauliza kama Kristo amegawanyika. Tukimleta Nyakanazi akae katika vikao vyetu jioni moja, atatuuliza hilohilo.

Ili tuelewe vizuri, tuyafuate malori yale kwa mawazo, turudi yanakotoka, hadi baharini. Sisi watu wa bara tumezoea kudhani kwamba mtu wa pwani ni yule ambaye ukoo wake wote ulianza na kuishia kwenye minazi. Lakini tukiyachukua majina ambayo pwani yenyewe inajivunia, tutashangaa ni mangapi yana mizizi huku kwetu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo miaka ya 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, nalo lilieleza wazi hali ya watu wake. Alitembea akiuza vyungu, na sauti aliyonadia vyungu ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay akarekodi nyimbo zake kwenye santuri, akiimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida. Alikuwa Mwislamu, nasi twaweza kumshukuru Mungu kwa kipaji chake bila kigugumizi. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, naye ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao. Bingwa wa lugha ya pwani na sauti kuu ya taarabu, wote wawili damu yao ilitoka bara.

Wako pia waliofika pwani kwa minyororo. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo, na watoto waliokombolewa utumwani wakawa miongoni mwa Wakristo wao wa kwanza. Zanzibar, ndugu zetu Waanglikana walianza kujenga kanisa kuu mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, tena juu ya kiwanja cha soko lenyewe. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa angali mtoto na kukombolewa Zanzibar, alisomeshwa huko na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kisha alifanya kazi kusini, Chitangali, kati ya Wayao wenzake.

Yuko na Jacob Wainwright, naye Myao aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Nashik, India. Mmisionari na mpelelezi Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, ni Wainwright aliyesoma sala za maziko ya moyo wake na kuchonga maandishi kwenye mti. Yeye, pamoja na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao, waliubeba mwili kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi miwili baadaye Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza Westminster, London. Wainwright hakurudi kuishi kwao alikotekwa, wala hakufia India iliyompa elimu. Alifariki mwaka 1892 Urambo, Tabora. Mtu wa namna hiyo utamwita wa wapi?

Tuje kwa mtu wa nyumbani. Laurean Rugambwa alizaliwa Kamachumu, mkoa wetu huu wa Kagera, tarehe 12 Julai 1912. Alipata upadre mwaka 1943, uaskofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, wa kwanza miongoni mwa Waafrika weusi katika zama zetu. Mtu angedhani heshima hiyo ingemtuliza Bukoba hadi mwisho. Mwaka 1968 alitumwa Dar es Salaam. Mtoto wa migomba akaenda kuketi katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililotazamana na bandari, akawa mchungaji wa Wazaramo, Wandengereko, Waluguru, na wote waliomiminika mjini kutoka kila wilaya ya nchi. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1992. Aliyemrithi, Polycarp Pengo, alizaliwa Mwazye, Sumbawanga, na aliyemfuata Pengo mwaka 2019, Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, ni mzaliwa wa Kilimanjaro. Kwa zaidi ya nusu karne, waamini wa jimbo lile la pwani wamepokea maaskofu wakuu kutoka bara, wakawaita baba.

Hapo kuna somo kwa pande mbili. Aliyekwenda alikubali kuwa mtu wa pale alipotumwa. Waliompokea hawakumwambia kwamba kanisa lile si la kwao na ukoo wake.

Lakini tusidanganyike. Kuishi mahali, hata kujulikana sana mahali hapo, hakutoshi. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, ni maarufu kuliko Majaliwa na Wainwright wakiwekwa pamoja. Alizaliwa Zanzibar, baba yake alifanya biashara Tabora na kuoa katika jamaa ya mtemi Fundikira, na yeye mwenyewe alikaa miaka mingi bara hadi Manyema. Aliishi kati ya watu wetu, alijua njia zetu, alikula kwetu. Alichokihamisha kutoka kwetu ni pembe za ndovu na binadamu. Alifariki Zanzibar mwaka 1905, tajiri, na nyumba yake watalii wanaonyeshwa hadi leo. Ukazi wake bara haukumfanya kuwa baraka kwa bara.

Na Kafarnaumu vilevile. Katika sura ya 11 ya Injili hiihii, Yesu anaukemea mji uliomhifadhi kwa maneno makali, kwa sababu uliona miujiza mingi na haukutubu. Mji ule ulikuwa na Bwana kama mkazi na jirani, na bado wengi hawakugeuza mioyo. Kwa hiyo mwenyeji asijivune kwamba alitangulia, na wa kuja asijivune kwamba amefanikiwa. Mungu atatuuliza sote tulifanya nini pale tulipokuwa.

Najua wapo watakaosema: Padre, wahenga wamesema mkataa kwao ni mtumwa, unataka tusahau tulikotoka? Sivyo. Kardinali Rugambwa hakusahau. Alipofariki tarehe 8 Desemba 1997, alirudishwa Kagera, akazikwa Kashozi, na mwaka 2012 masalia yake yakahamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba. Alipenda kwao, na upendo huo haukumzuia kuitumikia Dar es Salaam miaka yote ile. Kosa letu ni jingine. Tunaishi Nyakanazi kama abiria wanaosubiri basi. Tumekaa miaka kumi na tano, bado tunasema hapa si kwetu, tunatafuta maisha tu. Ndiyo maana hatupandi mti, hatuendi kwenye mkutano wa kijiji, hatuchangii darasa, takataka tunamwaga barabarani. Nyumba nzuri tunajenga huko kwetu, ambako tunalala usiku mbili wakati wa Krismasi, na hapa watoto wetu wanalelewa kwenye chumba ambacho hatukarabati kwa sababu tunapita.

Zaburi ya 87 inatuonyesha Mungu akiandika orodha ya watu. Wamo Wamisri, Wababeli, Wafilisti, watu wa Tiro na wa Kushi, mataifa ambayo Israeli iliyaogopa au kuyadharau. Mungu anaandika juu ya kila mmoja kwamba amezaliwa Sayuni. Katika ubatizo ametufanyia sisi hivyohivyo. Kisima tulichobatiziwa ni kimoja, Msubi na Msukuma, Mha na Mrundi. Tunakula mkate mmoja halafu, tukitoka mlangoni, tunahesabiana asili!

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeigeuza kuwa ya kumfukuza mgeni mvivu, lakini ndani yake mna heshima kubwa: ukimpa mtu jembe, umempa na sehemu ya kulima. Umemwingiza kazini pamoja nawe.

Kwa juma hili nawaomba mambo matatu. Wenyeji, katika jumuiya ndogondogo zenu tafuteni familia moja iliyohamia karibuni, mkasali nyumbani kwao, na msiwaulize kabila lao kabla hamjawauliza hali zao. Ninyi mliokuja, chagueni jambo moja la mahali hapa mlishike kama lenu: kamati ya shule, usafi wa kisima, mgonjwa wa jirani asiye na ndugu, kwaya inayokosa sauti za tatu. Na ninyi wenye nyumba za wageni, migahawa na maduka ya barabarani, mtendeeni haki dereva na utingo wanaolala hapa usiku mmoja tu. Msiwapandishie bei kwa sababu hamtawaona kesho, na binti aliyeletwa kutoka kijijini kuwahudumia msimfanye naye kuwa bidhaa. Biashara ya binadamu ilifungwa sokoni Zanzibar mwaka 1873. Isifunguliwe tena uani kwetu.

Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya unapofika, mchague anayetembelea wagonjwa na anayetunza fedha za watu kwa uaminifu, awe mzaliwa wa Biharamulo, wa Kasulu au wa Tandahimba. Akida wa Kafarnaumu hakuulizwa kabila lake, nanyi msiulize.