Nani Anapima Kinachotosha?

Vijana wanaopenda michezo ya kompyuta wana swali lisilokwisha: je, kadi mpya za michoro zimeshapita mahitaji ya michezo iliyopo? Kadi ya michoro ni kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha zote tunazoziona kwenye skrini. Swali hili huachiwa mafundi na wauzaji. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili, kwa sababu limebeba neno zito: mahitaji. Hatuwezi kusema kitu kimezidi haja kabla ya kukubaliana haja ni nini, na ni ya nani.

Nianze na hesabu. Skrini nyingi za kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kadi ikichora picha 200 kwa sekunde, skrini hiyo haina uwezo wa kuzionyesha zote. Tena, skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ina pikseli zipatazo milioni 2, na ile inayoitwa 4K ina zaidi ya milioni 8. Kwa hiyo kadi ileile yaweza kuwa na nguvu za ziada mbele ya skrini ya kwanza, kisha ikaelemewa mbele ya ile ya pili. Kadi haikubadilika. Kilichobadilika ni kazi tuliyoipa. Ziada na upungufu, basi, havimo ndani ya kadi. Vimo katika uhusiano wa kadi na matakwa ya mtu.

Je, matakwa hayo yanatoka wapi? Historia inatufundisha. Mwaka 2007 ulitoka mchezo wa Crysis, uliokuwa mzito kiasi kwamba hata kompyuta bora za siku hizo zilishindwa kuuendesha vizuri kwa ubora wake wote. Hapo mchezo uliitangulia kadi. Mwaka 2018 mambo yaligeuka. Kampuni ya Nvidia ilileta kadi za RTX, zenye uwezo wa kufuatisha mwendo wa miale ya nuru mchezo ukiendelea. Siku zilipoanza kuuzwa, hapakuwa na mchezo hata mmoja uliotumia uwezo huo. Battlefield V ulikuja Novemba ya mwaka huohuo. Lakini mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka Desemba 2024, unadai kadi yenye uwezo huo. Anasa ya mwaka 2018 imekuwa sharti. Macho yetu hayakubadilika katika miaka hiyo sita. Aliyesogea ni yule anayeweka mstari.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kwamba nguvu inayozidi haja ya leo ndiyo inayozaa jambo jipya la kesho. Ni kweli. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walitumia kadi mbili za GTX 580, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo, kuifundisha kompyuta kutambua picha. Kazi yao, iitwayo AlexNet, ilibadilisha mwelekeo wa elimu ya akili bandia. Kama kadi zingetengenezwa kwa kipimo cha michezo ya siku hizo tu, pengine jambo hilo lingechelewa.

Nakubali, ila natofautisha. Watafiti wale walikuwa na swali kwanza, kisha wakatafuta chombo. Wengi wetu tunatafuta chombo kwanza kwa hofu ya kuachwa nyuma, tukitumaini kwamba haja itakuja baadaye. Mdogo wangu, tunayekaa naye hapa Bukavu, aliniomba nichangie ununuzi wa kadi mpya ambayo bei yake inakaribia karo yake ya mwaka mzima. “Yaya,” aliniambia, maana ndivyo tunavyowaita wakubwa zetu, “ukinunua ndogo leo, kesho imezeeka.” Nilimwuliza ni mchezo gani unaomshinda kwa sasa. Alitaja miwili, na yote miwili inachezeka kwenye kadi ya GTX 1060, iliyotoka mwaka 2016. Kadi hiyo iliongoza kwa miaka kadhaa katika orodha ya kadi zinazotumiwa na wachezaji wa Steam, muda mrefu baada ya nyingine mpya kuingia sokoni. Watu wa kawaida, kwa kubaki na walichonacho, waliwalazimisha watengenezaji wa michezo kuwakumbuka. Kumbe hata asiyenunua ana sauti.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Kivu hatuwezi kulifumbia macho. Vifaa vya elektroniki huungwa kwa bati, meno ya kadi hupakwa dhahabu, na tantalamu hutumika katika vipande vidogo vya kuhifadhia chaji. Madini hayo yote huchimbwa pia mashariki mwa Kongo, mara nyingi kwa sururu na mikono mitupu, na vita vimelishwa na biashara yake. Zaidi ya hayo, RTX 4090 ya mwaka 2022 imewekewa kiwango cha wati 450, na RTX 5090 ya mwaka 2025 wati 575, wakati majirani zetu wengi hawana hata taa ya umeme. Sisemi kwamba anayecheza ana hatia. Nasema ziada si kitu kisicho na gharama. Yupo anayeilipia, hata kama hayupo dukani.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Methali hii haimkatazi mtu kurefusha mkono. Inamtaka aujue urefu wake mwenyewe. Kwa maoni yangu, kadi mpya zimeipita michezo mingi na zimepitwa na michache, na hali itaendelea hivyo, kwa kuwa mbio hizi hazikuwekewa mwisho. Kutosha hakutatangazwa na kiwanda wala na mchezo. Kila mmoja wetu atalazimika kukitamka mwenyewe kipimo chake, akijua anataka kufanya nini na nani atalipa.